Mjumbe wa Visiwa vya Zarindo

Nchi ninayotaka kuisimulia hamuijui. Akitokea mtu akaona inafanana na ile anayoishi, ajue huo ni uchovu wake mwenyewe, na kwa uchovu nchi hiyo ilikuwa na dawa: Kituo cha Taifa cha Mapumziko na Mikutano, Ras Utulivu. Nilifanya kazi pale mapokezi miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kusema "Karibu sana." Neno la kuaga sikufundishwa.

Kabla ya Kituo, mahali pale paliitwa Chumvini, na palikaa watu waliokuwa wakichemsha maji ya bahari wapate chumvi. Siku moja mkuu wa nchi, ambaye tulimwita Mlezi wa Taifa, alipita na msafara wake, akashuka kunyoosha miguu, akatazama bahari, akasema, "Hapa mtu anaweza kupumzika." Hakusema zaidi ya hayo. Msafara ulikuwa haujafika mjini pale mabuldoza yalipowashwa. Wachemsha chumvi walipakiwa kwenye malori na masufuria yao, wakaambiwa nao wanakwenda kupumzika, ila mbali kidogo. Mpaka leo hakuna aliyetuambia ni mbali kiasi gani.

Jengo lilikuwa zuri, nisidanganye. Ghorofa tatu nyeupe, ukumbi wa viti arobaini, bustani yenye majani yaliyokatwa sawasawa kama nywele za askari. Upande wa mashariki palikuwa na bawa refu lenye madirisha madogo yaliyotazama ukuta. Mhandisi aliulizwa kwa nini madirisha hayatazami bahari. Alijibu kwamba bahari ina mawimbi, na mawimbi humsumbua mtu anayepumzika. Baadaye mhandisi huyo naye alipumzika humo humo, na sikumsikia akilalamika.

Kisha ikatungwa Sheria ya Mapumziko. Ilisema kwamba raia yeyote mwenye dalili za uchovu ana haki ya kupumzishwa, na haki hiyo hawezi kuikataa. Dalili zilibandikwa kwenye ofisi zote za kata: kutazama saa wakati wa hotuba, kuguna, kuuliza swali ambalo limekwisha kujibiwa, na kuuliza swali ambalo halijajibiwa. Mwenye kuamua kama mtu amechoka, au kama amekwisha kupumzika, alikuwa Mkurugenzi Mkuu wetu, Daktari Fulgensi Tindwa. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, na alitunukiwa na chuo alichokianzisha yeye mwenyewe.

*

Miongoni mwa waliopumzishwa alikuwepo mtu mmoja aitwaye Hermasi Kabelwa. Huyu alikuwa akisoma utabiri wa hali ya hewa kwenye redio ya taifa. Alikuwa na sauti nzito, ya taratibu, sauti ambayo watu walikuwa wakipunguza moto jikoni ili waisikie vizuri. Hata akitangaza mafuriko, uliona kama mafuriko yenyewe yana adabu.

Ilipokaribia sikukuu ya kuzaliwa Mlezi, Hermasi alipewa karatasi yenye muhuri, imeandikwa: jua siku nzima, upepo mwanana. Akaisoma yote kama ilivyo. Alipofika mwisho akaiweka karatasi chini, akaongeza, "Lakini wenye nguo kwenye kamba, anueni."

Mvua ilinyesha kuanzia saa tatu asubuhi. Iliwanyeshea mabalozi, ikainyeshea keki, ikamnyeshea Mlezi mwenyewe katikati ya hotuba. Kesho yake gari lilisimama nje ya nyumba ya Hermasi. Mkewe, Sikudhani, alikuwa fundi cherehani. Aliambiwa kwamba mumewe atapumzika majuma mawili tu, basi akamfungia mashati mawili na sabuni.

Majuma mawili yakapita, na mwezi ukapita. Binti yao wa pekee, Tunu, alikuwa ameolewa nchi ya jirani, kwa hiyo mama yule alikuwa peke yake. Siku moja akaja mapokezi, kanga mpya, mkoba kwapani.

"Namtafuta mume wangu, Hermasi Kabelwa."

"Karibu sana," nikamwambia.

"Yupo?"

"Mgeni anayepumzika hasumbuliwi, mama."

"Sitamsumbua. Nimwone tu."

"Huko kumwona ndiko kumsumbua."

Aliondoka, akarudi Jumanne iliyofuata, na Jumanne nyingine. Jumanne ya tano Daktari Tindwa mwenyewe alipita mapokezi, akamkuta amekaa kwenye benchi. Akamsogelea, akamwinamia kwa upole mkubwa.

"Mama, wewe si umechoka?"

Mfagiaji aliacha kufagia. Mimi nilijitia kutafuta kalamu chini ya meza. Tulijua wangapi walilijibu swali hilo kwa ndiyo ya haraka, kwa kuwa kweli walikuwa wamechoka.

Sikudhani akasimama wima. "Sijachoka hata kidogo, Daktari. Natafuta kazi."

"Kazi! Unajua nini?"

"Kushona."

Daktari akatabasamu. Wiki ile ile alikuwa na shida ya mtu wa kushona.

*

Shida yake ilianzia ukumbini. Mwaka wa kwanza wajumbe walikuja kutoka nchi nyingi, wakala kamba wa kukaanga, wakasifu ukimya wa mahali. Mwaka wa pili mmoja wao akauliza nyuma ya ule ukuta kuna nani. Mwaka wa tatu viti vingi vilibaki vitupu. Na Mlezi hakuweza kuvumilia kiti kitupu. Alikuwa akikitazama kama mtu aliyemtukana mbele ya watoto wake.

Daktari Tindwa akapata ufumbuzi, na kwa ufumbuzi huo alivishwa nishani. Waliokuwa wakipumzika katika bawa la mashariki walivalishwa suti, wakaketishwa ukumbini kama wajumbe. Bendera za nchi za kweli hazikufaa, kwani nchi za kweli huweza kuandika barua. Kwa hiyo kamati ya watu sita iliketi siku tatu, ikatoka na nchi arobaini mpya: Jamhuri ya Kuleni, Falme za Mto Mweupe, Visiwa vya Zarindo, na nyinginezo. Kila nchi ilihitaji bendera.

Sikudhani alipewa chumba kidogo nyuma ya stoo, cherehani, na orodha ya rangi. Hakuambiwa zaidi. Alishona akidhani kwamba dunia ni kubwa kuliko alivyofundishwa shuleni. Kwa karatasi za kukatia vitambaa alipewa nakala kuukuu za Kanuni za Mikutano, ambazo zilikuwa zimejaa stoo na hakuna aliyewahi kuzisoma. Yeye alizisoma. Jioni zilikuwa ndefu, na dirisha lake nalo lilitazama ukuta.

Mlezi hakujua lolote. Alifurahi kuona ukumbi umejaa, na hakuna aliyethubutu kumpunguzia furaha. Siku moja alimwuliza Waziri wa Mambo ya Nje, "Hawa wa Kuleni, tuna ubalozi kwao?"

"Uko njiani, Mlezi," akajibu Waziri.

*

Miaka mitatu ilipita hivyo. Ukaja Mkutano wa Kimataifa wa Uhuru wa Kutoka na Kuingia. Malango yote ya Kituo yalifungwa kwa ajili ya mkutano huo. Mlezi alikuwa aufungue mkutano mwenyewe, na redio ilikuwa itangaze moja kwa moja nchi nzima. Ilipobaki nusu saa, ofisa wa itifaki aliona bendera ya Zarindo imesimikwa kichwa chini. Akamwita fundi aje airekebishe.

Ilikuwa mara ya kwanza Sikudhani kuingia ukumbini. Wajumbe walikuwa wameketi kimya, mikono juu ya magoti. Akapita safu ya kwanza, ya pili, akainama kwenye bendera ya Zarindo, na nyuma ya bendera alikuwa ameketi mumewe.

Alikuwa amekonda. Suti ilikuwa ya mtu mnene.

"Baba Tunu," akasema.

"Nimepumzika vizuri, ahsante," akajibu Hermasi kwa sauti, macho mbele. Kisha, midomo ikiwa haichezi, "Usinitazame. Shika bendera."

Akaishika. Akajitia kuvuta uzi.

"Wamekufanya nini?"

"Kila saa anapita mtu anauliza, umepumzika? Ukisema ndiyo, anakuambia basi huna haraka. Ukisema bado, anakuambia basi endelea."

"Na kutoka ni lini?"

"Hatoki mtu. Jirani yangu wa kitanda alisema amepona, wakamwambia anahamishiwa bawa jingine. Hakuna bawa jingine, Mama Tunu. Miaka mitatu nimetega sikio. Nyuma ya ule ukuta kuna bahari tu."

Sikudhani alifungua fundo la kamba, akalifunga tena. Ofisa wa itifaki alikuwa safu ya nne, anahesabu glasi.

"Sikiliza," akanong'ona. "Kanuni ya thelathini na moja. Mjumbe akiitwa nyumbani na serikali yake, atasindikizwa mpaka mpakani siku hiyo hiyo kwa heshima zote, na ombi lake la mwisho litatimizwa. Imetiwa saini na Mlezi."

"Mimi si mjumbe."

"Mlezi anajua?"

Hermasi aligeuza shingo, akamtazama mkewe usoni kwa mara ya kwanza.

*

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu. Mlezi alihutubia saa moja na nusu. Alisema kwamba katika nchi yetu kila mtu ana uhuru wa kutoka, na ushahidi ni kwamba hakuna anayetaka. Alipoketi, mjumbe wa Zarindo alinyanyua kibao chake chenye jina la nchi, kuomba nafasi ya kusema.

Daktari Tindwa, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, akajitia kusoma ratiba. Kibao kikabaki juu.

"Tindwa, huoni?" akasema Mlezi. "Mgeni anataka kunisifu. Mpe nafasi."

Daktari alifungua mdomo. Angesema nini? Kwamba huyo si mgeni? Kwamba kwa miaka mitatu Mlezi amewahutubia watu aliowafungia mwenyewe? Akakibonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Mlezi wa Taifa," alianza Hermasi, na sauti ikatoka ile ile, nzito, ya taratibu.

Nchini kote watu walisimama walipokuwa. Nimesimuliwa habari za kinyozi aliyesimamisha wembe kwenye shavu la mteja, na mteja hakumwuliza kuna nini. Sauti iliyokuwa imetoweka tangu siku ya keki ilikuwa imerudi, na ilikuwa ikisema inatoka Visiwa vya Zarindo. Hakuna aliyelitaja jina lake. Waliokuwa na redio ndogo waliongeza sauti, basi.

"Visiwa vyetu ni vidogo na watu wetu ni wapole," aliendelea Hermasi, "lakini habari za hekima yako zimefika kila nyumba. Asubuhi hii nimepata taarifa kwamba serikali yangu inaniita nyumbani, niwaeleze wenzangu niliyoyaona hapa. Naondoka kwa majonzi. Ombi langu la mwisho ni dogo. Fundi aliyeshona bendera yetu ameishona vizuri kuliko tunavyoishona wenyewe. Tunaomba aje atushonee nyingine."

Mlezi alitoa leso, akafuta macho. "Mmoja tu?" akasema. "Mchukue!"

*

Ya barabarani nimeyapata kwa dereva. Mbele zilitangulia pikipiki sita, nyuma likafuata lori la bendi. Sikudhani na Hermasi waliketi kiti cha nyuma, hawakushikana hata mikono. Daktari Tindwa alikaa mbele, kola imelowa.

Walipokaribia njia panda ya mwisho, akasema bila kugeuka, "Dereva akikata kushoto hapo, tunarudi Ras Utulivu kwa njia ya nyuma. Hakuna atakayejua."

"Na Mlezi akiuliza kama mgeni wake alifika salama," akasema Sikudhani, "utamjibu nini, Daktari?"

Njia panda ilikuja, ikapita kushoto kwao. Dereva anasema alimsikia Hermasi akivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini.

Mpakani bendi ilitakiwa kupiga wimbo wa taifa wa Zarindo. Wakapiga wimbo wa harusi, ila kwa mwendo wa polepole. Ofisa wa upande wa pili alitoka kibandani na kikombe cha chai, akatazama pikipiki, akatazama bendi, akamtazama mzee mwenye suti iliyompwaya.

"Pasipoti?"

"Sina."

"Unatoka nchi gani?"

"Wanasema Zarindo."

"Zarindo iko wapi?"

"Haiko popote, mwanangu," akasema Hermasi.

Ofisa akaiweka chai juu ya ukuta. Alimtazama Daktari Tindwa, ambaye alikuwa amepiga saluti na machozi yanamtoka. "Mko wangapi huko?"

"Arobaini. Tumetoka sisi wawili, na huyu hakuhesabiwa. Wamebaki thelathini na tisa."

Kijana yule hakuuliza tena. Akainua mti wa lango.

*

Saa ile ile, ukumbini, mjumbe wa Kuleni alinyanyua kibao. Naye serikali yake ilikuwa imemwita. Mlezi alimpigia makofi. Akafuata wa Falme za Mto Mweupe. Akafuata mwingine, na mwingine. Wengine walikuwa wakilia kabla ya kupewa nafasi. Ilipofika saa ya chakula vibao vyote thelathini na tisa vilikuwa juu, na Mlezi alikuwa ameacha kupiga makofi.

"Mataifa thelathini na tisa," akasema polepole, "yananikimbia siku moja."

Akamgeukia Waziri wa Mambo ya Nje. Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nilimwona Waziri akifungua mdomo. Nilimwona akimtazama Mlezi, kisha akiwatazama wale watu wenye suti zisizowatosha, kisha akiutazama mlango nilipokuwa nimesimama mimi.

"Ni njama ya Zarindo, Mlezi," akasema. "Wamewachochea wenzao."

Vita vilitangazwa saa tisa alasiri. Wajumbe wakawa mateka wa vita, wakarudishwa bawa la mashariki. Palibadilishwa kibao cha mlangoni tu. Daktari Tindwa aliporudi kutoka mpakani alikuta bawa hilo lina kitanda kimoja kitupu, na akaombwa akilalie. Alisema hapana, yeye ni Mkurugenzi. Wakamwambia hiyo ni dalili ya uchovu.

Meli tatu zilipakia vijana elfu moja na mia mbili. Zilitiwa mafuta ya kwenda tu, kwa sababu Waziri wa Ulinzi alieleza kwamba ya kurudia yatatekwa kwa adui. Nahodha mmoja aliuliza aelekee wapi. Akaonyeshwa bahari. Tuliwapungia mikono kutoka bustanini. Mimi nilisema "Karibuni sana," maana sikuwa na neno jingine.

Siku ya nane redio ilitangaza kwamba majeshi yetu yameuteka mji mkuu wa Zarindo. Mji huo ulipewa jina baada ya kutekwa. Kabla ya hapo hakuna aliyekumbuka kuupa. Siku ya ishirini wazazi walianza kupokea barua. Mlezi akaamuru mapambano yaendelee, na meli nyingine tatu zikatafutwa. Wiki hiyo mimi nilivuka mpaka kwa miguu, nikiwa nimevaa sare yangu ya mapokezi. Hakuna aliyenizuia, nadhani kwa sababu nilikuwa nikitabasamu.

*

Nilimkuta Sikudhani kwa binti yake, katika mji mdogo wa mpakani, anashona sare za shule. Hermasi alikuwa akikaa mlangoni, hasemi sana. Walinipa chai. Nilikuwa ningali na kikombe mkononi alipofika mama mmoja mwenye miguu iliyojaa vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo, baba," akamwambia Hermasi.

"Marahaba, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Wewe ndiye mjumbe wa Zarindo?"

Cherehani ilinyamaza. Mama yule akatoa bahasha kifuani, akaikunjua karatasi iliyokuwa ndani. Ilisema kwamba Eliudi, mwanawe, ameanguka kishujaa katika ardhi ya Zarindo na kuzikwa huko kwa heshima zote.

"Nimetembea siku mbili," akasema. "Sikuja kulaumu. Vita ni vya wakubwa, mimi na watu wako hatuna ugomvi. Naomba uwaandikie barua tu. Wanirudishie mwili wa mwanangu nimzike nyumbani. Au kama haiwezekani, waniambie kaburi liko kisiwa gani."

"Mama," akasema Hermasi, na ile sauti yake ilikuwa imekatika, "Zarindo haipo."

"Usinifiche, baba. Nilikusikia kwa masikio yangu. Ulisema ni visiwa vidogo, na watu wake ni wapole. Maneno hayo ndiyo yaliyonipa moyo wa kuja."

"Nilidanganya. Nilitaka kutoka."

Mama Eliudi aliitazama karatasi, akamtazama yeye, akaitazama tena karatasi, mahali penye muhuri.

"Kama nchi haipo," akauliza, "mwanangu amefia wapi?"

Sikudhani akainuka, akamshika mama yule mkono, akamwingiza ndani na kumpa kiti na maji. Kisha alikwenda kuufunga mlango, lakini hakuufunga. Alibaki ameshika komeo, anatazama nje. Nikasimama nyuma yake kuona anachokiona.

Kwenye njia itokayo mpakani walikuwa wakija wanawake wengine, wawili wawili, watatu watatu, kila mmoja na bahasha yake. Wa mbele alikuwa amesimama kwa muuza mkaa, anauliza nyumba ya balozi wa Zarindo ni ipi.